Filta ya tangi la samaki ikisumbua: soma dalili kabla hujakimbilia dukani

Nilikuwa na tangi la lita 60 sebuleni, samaki wadogo aina ya gapi kama ishirini ndani yake, na filta ndogo ya kubandika kwenye kioo. Jumamosi moja nikaamua kufanya usafi wa nguvu. Nikafungua filta, nikaweka sponji chini ya bomba, nikaikamua na kuikamua mpaka ikawa kama imetoka dukani leo. Jumanne maji yakawa meupe kama tui la pili, gapi wote wamepanda juu wanachezesha midomo. Kufikia Alhamisi walikuwa wamebaki sita. Na filta yenyewe? Nzima, inazunguka bila kelele.

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia kwamba filta yake mbovu, namuuliza kwanza: uliiosha lini, na kwa maji gani?

Maana filta ina kazi mbili. Ile ya kunasa kinyesi na majani yaliyooza kila mtu anaiona. Ya pili haionekani. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huongeza nyingine. Amonia ni sumu. Kwenye sponji na kwenye vile vipande vya kauri wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi wanaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Bakteria hao wanataka maji yenye hewa yawapitie bila kukoma, na hawataki kukutana na klorini. Maji ya bomba yametiwa klorini makusudi ili iue bakteria. Mimi wangu niliwamaliza mwenyewe kwenye sinki.

Kabla hujagusa chochote

Chomoa plagi. Usizime swichi tu ukaona inatosha, chomoa. Kisha angalia waya wa filta unavyofika kwenye soketi. Unatakiwa ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza ndipo upande, ili tone linaloteremka na waya lidondokee sakafuni. Ukikuta waya umenyooka kutoka kwenye tangi moja kwa moja hadi kwenye ekstensheni iliyolala chini, rekebisha hilo leo, hata kama filta haina shida nyingine.

Maji yana ukungu

Chota maji kwenye glasi isiyo na rangi, iweke mbele ya karatasi nyeupe. Rangi itakuambia mengi.

Yakiwa ya kijani, usiilaumu filta. Huo ni mwani unaoelea, na chanzo chake ni mwanga mwingi na mbolea iliyojaa majini. Ondoa tangi karibu na dirisha, punguza saa za taa. Yakiwa ya rangi ya chai, ni gogo ulilotia kwa urembo linatoa rangi yake. Haidhuru, na ukitaka kuiondoa tia mkaa maalumu wa filta. Ukungu wa kijivu ulioanza saa ileile ulipotia mchanga mpya ni vumbi la mchanga usiooshwa vya kutosha. Weka pamba ya filta, siku mbili litanaswa.

Kazi iko kwenye weupe wa maziwa. Hao ni bakteria wanaoelea, wanaozaliana kwa sababu chakula kimezidi na hakuna wa kukila. Utawaona kwenye tangi jipya lisilotimiza wiki nne, utawaona ulipotupa sponji ya zamani na kuweka mpya, utawaona ulipoosha kama nilivyoosha mimi, na utawaona mtoto wa nyumbani akimwaga nusu ya kopo la chakula. Kosa ambalo karibu kila mtu hufanya hapa ni kuosha filta tena. Maji yana ukungu, kwa hiyo filta chafu, kwa hiyo nioshe: hesabu inaonekana imenyooka, lakini unabomoa nyumba iliyokuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa. Iache iendelee kuzunguka usiku na mchana. Usilishe siku mbili; samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa hilo. Badilisha robo ya maji kila siku kwa maji yaliyotolewa klorini, mpaka kipimo cha amonia na cha nitriti vyote visome sifuri.

Klorini ya kawaida huondoka yenyewe ukiacha maji kwenye ndoo wazi kwa saa 24, haraka zaidi ukitia jiwe la hewa, lile la kutoa mapovu. Kuna miji inayotumia kloramini, na hiyo haiondoki kwa kulaza maji. Inataka dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki. Mimi natumia dawa hata kwa maji yaliyolala. Matone machache ni rahisi kuliko samaki.

Samaki wanapumulia juu

Hii ndiyo dalili ya kukuamsha kitandani. Fanya mambo matatu kwanza, uchunguzi baadaye: badilisha theluthi ya maji, inua mdomo wa filta uvunje uso wa maji mpaka pafanye mawimbi, na usilishe.

Sasa tafuta sababu. Wakipanda juu alfajiri tu na kufikia saa 4 asubuhi wako sawa, hewa ndiyo pungufu. Usiku mimea haitoi oksijeni, nayo inapumua kama samaki. Na sisi wa pwani tuna tatizo letu: maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba kama miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini ya nyuzi 30 yanabeba kama 7.5 tu. Mwezi wa pili Dar es Salaam, tangi lililojaa samaki na filta iliyozamishwa chini kabisa bila kutikisa uso wa maji, unategemea nini?

Wakiwa juu mchana kutwa, matamvua mekundu au ya kahawia, pima amonia na nitriti. Vipimo vya matone ni ghali kuliko vijiti, lakini ndivyo ninavyoviamini. Kama ni nitriti, chumvi ya kawaida gramu 1 kwa kila lita husaidia, kwa kuwa kloridi iliyo ndani yake hushindana na nitriti pale kwenye matamvua. Ikoroge kwanza pembeni, usiimwage juu ya samaki.

Kama ni amonia, ukali wake unategemea pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye maji ya pH 7 na nyuzi 25, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8.5 inafika kama asilimia 15. Kwa hiyo wewe unayefuga mbuna wa Ziwa Nyasa au samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao maji yao ya asili yana pH ya juu, huna nafasi ya kukosea aliyonayo mwenzako wa gapi. Kipimo kilekile kinachomtia yeye wasiwasi, wewe kinakuulia. Ndiyo maana watu wa mbuna hununua filta ya tangi kubwa mara mbili ya lao, na wala hawajionyeshi.

Maji yanatoka kidogo

Kwanza pima, usikadirie kwa macho. Chukua chupa ya lita moja na nusu, ikinge kwenye mdomo wa filta, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 15, filta inasukuma lita 360 kwa saa. Boksi huenda liliandikwa 600. Hujatapeliwa, namba ya boksi hupimwa bila sponji ndani na bila maji kupandishwa juu. Filta mpya iliyojazwa vitu vyake hupoteza sehemu kubwa ya namba hiyo siku ya kwanza tu. Andika kipimo chako cha siku ya kwanza kwa kalamu ya wino mzito pembeni ya filta. Kikishuka hadi nusu, ni wakati wa kuosha.

Fuata njia ya maji. Anzia mdomo wa kuvutia: jani, gamba la konokono, wakati mwingine samaki aliyekufa. Kisha pamba, halafu sponji. Kwenye filta za nje zenye mipira mirefu, ute hujenga ukuta ndani ya mpira mpaka tundu linabaki kama la kalamu. Funga kitambaa kwenye uzi mrefu ukivute toka upande mmoja hadi mwingine. Mwisho kabisa nenda kwenye impela, nitaieleza hapa chini.

Kuosha kwenyewe kuna utaratibu. Siku ya kubadilisha maji, chota nusu ndoo ya maji ya tangi lenyewe. Zamisha sponji humo, ikamue mara tano, sita, mpaka ipitishe maji kirahisi. Itabaki ya kahawia. Iache ibaki ya kahawia. Vipande vya kauri vitikise tu kuondoa tope. Pamba nyeupe ndiyo unayoitupa na kuweka mpya, maana kazi yake ni kunasa tope laini tu. Usiguse sponji na kauri siku moja. Zipishe wiki mbili. Sabuni isikaribie kabisa, hata ile "kidogo tu". Yale maji machafu ya ndoo mwagia mchicha au mauaridi, yanapenda mno.

Mkaa wa filta ni jambo jingine. Unashika rangi, harufu na mabaki ya dawa, na baada ya wiki tatu, nne umeshajaa. Ukitibu samaki, utoe kwanza, la sivyo unainunua dawa ili mkaa uinywe. Tangi la kawaida halihitaji mkaa kila siku, ingawa wauzaji wanapenda tuamini hivyo.

Inavuma, inakwaruza, inagongagonga

Mvumo wa chini unaokoma ukiibonyeza filta kwa kidole ni mtetemo kati yake na kioo au kabati. Kata kipande cha kandambili kuukuu, kiweke chini au nyuma yake. Kelele ya kubwabwaja kama mtu anakunywa uji kwa fujo ni hewa: maji ya tangi yameshuka, au filta ya nje imebaki na hewa baada ya kufunguliwa. Ongeza maji, ile ya nje iinamishe huku na huku taratibu ikiwa inafanya kazi, mapovu yatatoka.

Ya kukwaruza ni impela. Mwaka juzi filta yangu ilianza kukwaruza, halafu ikawa inavuma tu bila kutoa maji. Nikaipeleka kwa muuzaji. Akaiweka sikioni, akatikisa kichwa.

"Mzee, hii koili imeungua. Chukua hii mpya, nakupunguzia."

"Hebu niirudishe kwanza nyumbani nikaitazame."

"Utapoteza muda tu, mzee wangu."

Nyumbani nikaifungua pale chini, kwenye kifuniko kidogo ambacho wengi hawajui kama kinatoka. Ndani kuna impela yenyewe: kisumaku cha mviringo chenye vipanga vinne vya kusukuma maji, kimevalishwa kwenye kijiti cha kauri. Nikakivuta kwa ncha ya kucha. Nyuma yake, kwenye lile tundu, alikuwepo konokono mdogo kama punje ya mchele, amejibana upande mmoja. Nikamtoa kwa kijiti cha meno, nikasugua tundu kwa mswaki wa zamani, nikarudisha. Ilifanya kazi miezi kumi na nne zaidi.

Ukiitoa impela, chunguza vitu hivi. Vipanga vimevunjika? Kijiti kimeliwa mpaka impela inayumba? Kuna magamba meupe magumu? Hayo ni chokaa ya maji magumu, na wanaotumia maji ya kisima wanayafahamu toka kwenye birika. Loweka impela kwenye siki au maji ya ndimu nusu saa, sugua, suuza sana. Kijiti cha kauri usikikunje, kinakatika kama chaki. Na sumaku ikiwa imevimba au imepasuka, hapo ndipo ununue impela, si filta nzima.

Umeme umerudi, filta haijarudi

Ikivuma bila kuzunguka: chomoa, sukuma impela kwa kidole, chomeka tena. Mara nyingi tope limeganda wakati wa giza. Umeme ukirudi ukiwa hafifu, taa zinafifia, nayo itavuma tu. Ichomoe mpaka utulie, kwani koili inayovuma bila kuzunguka inapata moto.

Filta za kuning'inia mgongoni mwa tangi zina udhaifu wake. Umeme ukikatika, maji kwenye bomba lao hurudi chini, na ukirudi baadhi yao haziwezi kujivutia maji tena. Zinazunguka kavu usiku kucha mpaka zinaungua. Kama unayo, jaza maji ya tangi mpaka juu na ufanye jaribio mchana: zima dakika kumi, washa, tazama. Ikishindwa mchana, usiitegemee usiku.

Filta za nje za mtungi ndizo za kuogopa zaidi. Zimefungwa, bakteria ndani wanamaliza oksijeni katika saa chache, wanaanza kufa, na umeme ukirudi supu hiyo yote inasukumwa kwa samaki. Umeme ukikaa bila kurudi zaidi ya saa tatu, nne, fungua mtungi, nusa. Kukiwa na harufu ya yai viza, mwaga maji yale, suuza vitu kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Bora zaidi: ukiona giza litakuwa refu, toa sponji mapema uiache ielee ndani ya tangi. Na nunua pampu ndogo ya hewa ya kuchomeka kwenye pawabenki. Inakula umeme kidogo mno, inakupitisha usiku kucha, na bei yake haifiki ya samaki mmoja wa maana.

Kuna na hii: ndugu amekuletea filta kutoka Marekani. Kule umeme ni volti 120 na hezi 60, kwetu 230 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua papo hapo. Ukipitisha kwenye transfoma volti zinashuka lakini hezi hazibadiliki, kwa hiyo hata ikifanya kazi itazunguka polepole kuliko ilivyoundwa. Mshukuru, iweke kabatini.

Maji sakafuni asubuhi

Funga tishu kavu kwenye kila kiungo, subiri dakika kumi, tazama ipi imelowa. Kwenye mtungi, mshtakiwa wa kwanza ni ule mpira mweusi wa duara chini ya kifuniko: unywele mmoja au punje ya mchanga inatosha kupitisha maji. Ufute, upake grisi ya silikoni, usipake mafuta ya mgando, yanalegeza mpira. Kwenye filta ya sponji inayoendeshwa kwa pampu ya hewa, maji hurudi kupitia kijimpira cha hewa umeme ukikatika. Dawa yake ni kivalvu kidogo cha kuzuia maji kurudi, au weka pampu juu ya usawa wa maji.

Kama kweli ni wakati wa kununua

Zidisha urefu kwa upana kwa kimo, kwa sentimita, gawa kwa 1,000. Tangi la 80 kwa 35 kwa 40 ni lita 112. Toa mchanga na nafasi ya juu, hesabu 95. Unataka maji yapite kwenye filta mara nne hadi sita kwa saa, tuseme tano, ndiyo lita 475 za kweli, kwa hiyo boksi liandikwe 700 au 800. Samaki wachafu kama goldifishi na mbuna, ongeza. Samaki mpiganaji mwenye mapezi marefu, punguza au elekeza mkondo ukutani, la sivyo atachoka kuogelea kama nguo kwenye mashine.

Kwa tangi la chini ya lita 60, na hasa lenye vifaranga vya gapi, mimi sishauri kingine zaidi ya sponji na pampu ya hewa. Haina impela ya kukwama, haimezi vifaranga, na pampu ikifa unabadilisha pampu huku bakteria wako salama. Lita 60 hadi 120, filta ya ndani yenye sponji kubwa. Zaidi ya hapo, mtungi, kama una njia ya kukabili kukatika kwa umeme. Filta ya wati 10 ikiwaka mwezi mzima inakula uniti 7 hivi, kwa hiyo usijibane kwa kuizima usiku. Na kabla hujalipa, muulize muuzaji kama ana impela ya spea ya hiyohiyo. Akijiumauma, chagua nyingine.

Ukifika nayo nyumbani, usiitoe ya zamani. Zifanye kazi zote mbili pamoja wiki nne hadi sita, na kama ya zamani imekufa kabisa, toa sponji yake ikiwa bado mbichi, ikate, uiingize ndani ya mpya hata kama haikai vizuri.